Wageni wanakuja Jumapili moja, ya pili hawaonekani. Naombeni ushauri

MamaCherehani, Kigamboni

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huku Kigamboni. Nilichaguliwa mwaka jana, nikapewa jukumu la kupokea wageni. Kazi inayonilisha ni ushonaji, kwa hiyo nimezoea kupima kabla ya kukata, na hili nalo nimelipima.

Tuna daftari la wageni, lile kubwa la kaunta, linakaa mezani pale mlangoni. Jumatano iliyopita nilikaa nalo nyumbani nikahesabu tangu Januari. Majina 43. Nikaweka tiki kwa kila ambaye bado namwona kanisani. Tiki zilikuwa 7, na katika hao 7, wanne ni familia moja iliyohamia kutoka Moshi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na ndugu hapa usharikani. Waliobaki ni watatu. Niliamka nikanywa maji nikahesabu tena.

Kigamboni ya leo si ile ya kungojea pantoni. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 watu wanahamia kila mwezi, Kibada na Kisarawe II nyumba zinaota kama uyoga, na wapangaji ndio usiseme. Watu wapo, na wanaingia kwa miguu yao wenyewe bila sisi kuwafuata. Ndiyo maana linaniuma.

Tunachofanya ni hiki. Wakati wa matangazo mzee wa zamu anawaomba wageni wasimame, kila mmoja aseme jina na usharika alikotoka. Kwaya inaimba ubeti wa karibu, tunapiga makofi, wanakaa. Basi. Baada ya hapo ni ujenzi, bahasha, ahadi za mavuno, ndoa zinazotangazwa mara ya pili. Juzi nilitazama saa: dakika 35.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja mlinzi. Alikuja kwangu kupunguza suruali ya sare. Nikamtazama, nikamuuliza, wewe si ulikuja kwetu mwezi wa pili? Akasema ndiyo mama. Mbona ukapotea? Akanyamaza, akakunja ile suruali mapajani, akasema: "Mama, nilisimama nikataja jina langu mbele ya watu wote. Nilipotoka nje hakuna aliyeniita kwa hilo jina." Alikaa chini ya mwembe karibu nusu saa, mnada wa sadaka (ule wa kuuza ndizi na kuku waliotolewa sadaka) ukiendelea, kisha akaondoka. Siku ile mimi nilikuwepo. Nakumbuka nilinunua ndizi.

Sitaki mambo ya spika kubwa na mkutano wa injili uwanjani, hilo lina kamati yake. Nauliza habari ya huyu ambaye ameshakuja mwenyewe na amekaa benchi la nyuma. Tufanye nini kati ya Jumapili yake ya kwanza na ya pili?

Mwinjilisti Mstaafu, Singida

Bwana Yesu asifiwe, mama. Nimehudumu miaka 31, mingi ikiwa kwenye mitaa ya vijijini. Kijijini mgeni akiingia kanisani kila mtu anajua amefikia nyumba gani. Ana mwenyeji tayari, sisi tunamalizia tu. Huko mjini anaingia mtu ambaye hajafikia kwa yeyote, nanyi mnampokea kwa utaratibu uleule wa kijijini. Mtafutieni mwenyeji kwanza, ubeti wa kwaya utafuata.

Mnada mnao tayari, na hapo ndipo pa kuanzia. Yule anayenadi na amwite mgeni kwa jina: hizi ndizi nani anamnunulia ndugu yetu fulani? Nimeona kuku anapanda mpaka elfu 30 kwa ajili ya mgeni, akaondoka naye, na watu watatu wakimwonyesha njia ya mkato. Watu hao watatu ndio niliokuwa nawatafuta, wala si kuku.

Kuna msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia kumsema mgeni asiyeondoka. Mimi niliutumia kanisani hivi: Jumapili yake ya tatu namwomba anisaidie jambo. Kupanga mabenchi, kushika kuku wa mnada, kufagia uwanja na vijana. Nimeona watu wakibaki kwa sababu ya ufagio.

La mwisho, waambieni wazee wasimuulize mtu habari za ndoa mlangoni. Kama amebariki ndoa au hajabariki, kama anashiriki Meza ya Bwana au la, hayo ni ya mchungaji, yana siku yake. Someni Matendo 9, mstari wa 26 na 27. Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi wote walimwogopa. Barnaba alimtwaa akampeleka kwa mitume. Alikuwa mtu mmoja tu.

Baba wa Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ni Mwanglikana, niko Nakuru. Mama, nitakuuliza jambo ambalo huenda likakuchoma kidogo, unisamehe. Mkitoka nje baada ya baraka, mnaongea lugha gani?

Ibada yetu ya pili iliandikwa Kiswahili kwenye ubao. Mahubiri yalikuwa Kiswahili, maombi Kiswahili. Lakini mhubiri akitaka kukazia neno alirukia Kikuyu, watu wakacheka au wakaitikia, na nje salamu zote zilikuwa Kikuyu. Mimi ni Mkikuyu, sikuwahi kuona tatizo. Mke wangu ni Mluhya wa Kakamega. Miaka miwili alisimama kando yangu na kitabu cha nyimbo mkononi, akitabasamu. Siku moja tukiwa tunaosha vyombo akaniambia, hamnifukuzi, mnanisahau tu.

Na hapa ni Nakuru. Tuliishi yale machafuko ya 2008 baada ya uchaguzi, tuliona familia zikilala kwenye uwanja wa maonyesho. Kanisa letu lilipeleka blanketi na unga, na wakati huohuo kwa ulimi tulikuwa tukiwafungia nje majirani waliobaki. Nililia kusema ukweli.

Tulipeleka neno kwa kasisi. Sheria ikawa moja: hadi mtu avuke geti la kanisa ni Kiswahili, hata kama unamsalimia mamako. Wazee wengine walinung'unika karibu mwaka mzima. Mke wangu sasa yuko kwenye zamu ya chai, na ndiye anayejua majina ya wapya kuliko kasisi.

Imani Bila Makofi

Mleta mada, kwa heshima zote, mtu anayemtafuta Mungu hahitaji kubembelezwa. Mimi nimehama mikoa minne kikazi na sijawahi kuacha kanisa kwa sababu sikusalimiwa. Tukianza kuwapikia chai watakuja kwa ajili ya chai.

MamaCherehani

Ndugu yangu, asante kwa kusema wazi. Imani yako nimeipenda na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sidhani kama huyu kijana alitaka kubembelezwa. Alitoka kazini alfajiri, hajalala, akaja ibadani na viatu vyake vya zamu. Hiyo ni njaa ya kweli. Paulo aliwaandikia Warumi wakaribishane kama Kristo alivyowakaribisha, na sikuona kwenye sura ile kwamba waliokomaa wamesamehewa kazi hiyo.

Baba wa Nakuru, umenichoma kweli. Mimi ni wa Machame, Kilimanjaro, nasi tuna Kichaga chetu. Ngoja nikachunguze Jumapili, nitarudi.

Mama Jumuiya, Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, jumuiya yetu iko huku kwenye mawe ya Igogo, na nimekuwa katibu wake miaka sita. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliliweka kanisa la Afrika Mashariki kwenye jumuiya ndogondogo, majirani wanaosali nyumba kwa nyumba. Nanyi Walutheri najua mnazo. Kwa mgeni wa mjini ni dawa nzuri, lakini inaweza kumdhuru pia, nami nimeona yote mawili.

Inamdhuru hivi: mtu anahamia, na neno la kwanza analosikia kuhusu jumuiya ni kwamba asiposhiriki atakosa wa kumzika. Tunamtisha kwa jeneza kabla hajajua jina la mwenyekiti. Mimi nilizuia kauli hiyo kwenye jumuiya yetu kabisa. Ni kweli tunazikana, na mtu ataliona mwenyewe tukienda msibani naye.

Jambo la pili ni chumba. Wapangaji wengi wana chumba kimoja. Sala ikizunguka na kufika kwao wanatoweka wiki hiyo, kwa aibu ya viti na ya chai. Tuliamua tunakuja na mkeka wetu na hakuna kupika, hata kwa mwenye uwezo. Yule mwenye sofa alipoacha kuandaa maandazi, ndipo mwenye chumba kimoja alipofungua mlango. Mwezi uliofuata tulisali kwa dada anayeuza dagaa, tulikaa tisa, wengine kwenye ngazi za mawe nje, na alisoma yeye somo. Nikikumbuka uso wake siku ile nafurahi hadi leo.

Na simu. Piga Jumanne. Jumapili jioni mtu amechoka, Jumatatu ana haraka ya kazi, Ijumaa imeshakuwa tangazo la Jumapili. Jumanne unamuuliza tu, umeamkaje, mtoto amepona? Usitaje michango.

DadaMgeni, Mbeya

Nimesoma kimya, sasa nasema. Mimi ndiye huyo wa benchi la nyuma. Nilihamia Mbeya na mtoto wa miezi mitano, sijafunga ndoa, na nilitoka kanisa lisilotumia liturujia. Kwenu mnasimama, mnakaa, mnaitikia kwa wimbo, wala hakuna anayesema ni ukurasa wa ngapi. Nilijiona kama nimeingia darasani katikati ya mtihani.

Mama mmoja mzee aliyekaa pembeni yangu alifungua kitabu chake, akakiweka katikati yetu, akawa anafuata mistari kwa kidole. Hakuniuliza lolote. Mtoto alipolia alimchukua akatoka naye nje ili mimi nisikie mahubiri. Jumapili iliyofuata nilirudi kumtafuta yeye.

Lile la kuitwa jina kwenye mnada, mwinjilisti, mimi ningekimbia. Mnipe ndizi kimyakimya.

MamaCherehani

Mrejesho, baada ya Jumapili tano.

Nilianza na la Nakuru. Nilisimama karibu na mwembe baada ya ibada ya kwanza nikasikiliza tu. Kimachame, Kimarangu, Kihaya kidogo kwa wale wa Bukoba. Kiswahili nilikisikia kwa anayenadi mnada peke yake. Na mimi mwenyewe, mtu wa kwanza aliyenishika mkono nilimjibu kwa lugha ya nyumbani kabla sijajua nimefanya nini. Nilipeleka jambo hili baraza la wazee. Lilizungumzwa saa nzima, kuna waliosema Kichaga ni mali yetu. Nikawajibu ni mali yetu, tukaitumie jioni nyumbani. Mchungaji amelitangaza mara mbili. Halijashika bado, lakini watu wanakumbushana.

Makofi tumeyaacha kwa sasa. Mgeni anayetaka kusimama anasimama, asiyetaka anakaa. Badala yake wazee wawili hatukai mbele tena, tunakaa nyuma, kila mmoja na vitabu viwili vya nyimbo. Hilo la kidole kwenye mstari nimelifanya kwa dada mmoja wa kazi za ndani, na DadaMgeni, nilikukumbuka. Ndizi nanunua mimi kabla mnada haujachangamka, nampa mtu mkononi. Wanaume wanaonekana kupenda kuitwa kwa jina na anayenadi, akina dada hapana, kwa hiyo tunatazama mtu kwanza.

Nilianza kupiga simu Jumanne, nikakuta namba 43 zinanizidi na cherehani inanisubiri. Nimegawa: kila jumuiya inachukua wa mtaa wake. Kati ya wale wa zamani nimewapata 19 kwenye simu. Wanne wamerudi. Wawili wamehamia makanisa mengine, wana furaha huko, nikamshukuru Mungu nao. Mmoja aliniuliza kama bado anadaiwa bahasha aliyopewa siku ya kwanza. Miezi yote hiyo alidhani ana deni kanisani! Sasa mgeni hapewi bahasha mpaka aiombe mwenyewe.

Yule kijana mlinzi nilimfuata lindoni kwake na chapati. Alisema ibada ya kwanza inaanza saa 1 na zamu yake inaisha saa 12:30, kwa hiyo akija anafika na sare na anasikia aibu. Nikamwambia sare ile ninaijua mimi, nimeishona pindo. Jumapili iliyopita alikuja, akakaa na mume wangu, na baada ya baraka alishika kuku watatu wa mnada hadi mwisho.

Sasa nina swali jingine, mwinjilisti au yeyote anayejua. Kijana huyo anataka kujiunga rasmi, ila usharika wake wa nyumbani uko mbali huko Sumbawanga, barua ya uhamisho hana, na nauli ya kuifuata hana. Mchungaji kwa mchungaji wanaweza kumalizana kwa simu, au lazima karatasi ije?