Mifereji ya kale ya New Mexico imedumu vipi?

Mkulima wa Bondeni, Pemba
Assalamu alaykum ndugu zangu. Katika bonde letu la mpunga mfereji hujaa matope kila mwaka, na kazi ya kuufukua huwaangukia watu wale wale. Nimesoma kwamba kaskazini ya New Mexico, Marekani, katika bonde la juu la Rio Grande, nchi kame inayofika mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mifereji ya udongo ya zama za Wahispania ingali inamwagilia mashamba. Imewezekana vipi bila ya pampu?

Mwalimu wa Jiografia, Unguja
Waalaykum salaam. Maji hutokana na theluji ya milima ya Sangre de Cristo, ambayo huyeyuka baridi inapokwisha. Zamani yalizuiliwa mtoni kwa boma la mawe na matawi, yakaingia katika mfereji mkuu uliopita juu ya mashamba, kisha yakateremka yenyewe. Walowezi wa Kihispania wakiongozwa na Juan de Oñate walifika mwaka 1598, ingawa Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko, walikwisha kumwagilia kabla yao, jambo ambalo husahauliwa mno. Ardhi iligawiwa kwa vipande virefu vyembamba, kutoka mferejini hadi mtoni, ili kila jamaa ipate maji, shamba na malisho.

Lakini kiini cha swali lako ni kazi. Kila mwaka, kabla ya msimu, wenye haki ya maji wote hutoa nguvukazi ya kufukua mfereji kulingana na fungu la kila mmoja, au humlipa wa kuwafanyia. Msimamizi waliyemchagua ndiye agawaye zamu, na asiyetimiza wajibu wake anaweza kufungiwa maji.

Fundi Mitaro, Wete
Ahsante Mwalimu, ila kwa nini wasiisakafie kwa saruji, wakati udongo hunywa maji mengi?

Mwalimu wa Jiografia, Unguja
Baadhi imesakafiwa. Hata hivyo, maji yanayopenya ardhini hulisha miti ya kandoni na visima vifupi, na sehemu yake hurudi mtoni polepole, kwa hiyo si yote yaliyopotea. Kwa bonde la Pemba ningeanza na daftari la mafungu na siku za kazi kabla ya masika, halafu ndipo tuzungumzie saruji.