Tupeane uzoefu: uchawi wa mchezoni ukisomeka maana mbili, nyinyi huamuaje?

Wa Langoni, Lamu
Salaam aleikum ndugu zangu wa dadu. Sisi tu watano, hucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimuliana hadithi kwa dadu, barazani baada ya isha. Dadu twazirusha ndani ya sinia zisije zikatumbukia mtaroni. Juzi tulikesha kwa neno moja tu: kushambulia.

Kitabu chetu cha kanuni ni toleo la 2014. Uchawi wa kutoonekana hukatika ukishambulia au ukifanya uchawi mwingine. Sasa mwizi wetu, yaani mwenzetu anayecheza kama mwizi, hakumgusa mtu. Alipanda jahazini haonekani, akakata henza, kamba ya kupandishia tanga, na foromali, mti unaobeba tanga, ikawaporomokea walinzi watatu. Ameshambulia au hakushambulia? Mimi ndiye msimulizi, mwenye kuendesha mchezo, nikasema aonekane. Akanifungulia kurasa za vita: penye shaka, shambulio ni pale unaporusha dadu ya kushambulia. Hakurusha. Nikanywea. Baadaye naona toleo la 2024 limeongeza kwamba hata ukidhuru tu, uchawi wakatika. Yenu yalikwendaje?

Wa Mkomani
Msimulizi ndiye kadhi, kitabu ni shahidi tu. Foromali waijua uzito wake wewe? Angeonekana.

Wa Malindi
Yetu ilikuwa balaa la tafsiri. Wenzetu wawili nawafasiria kwa Kiswahili. Kuna uchawi wa kuumba maji: galoni 10, ndani ya chombo kilicho wazi. Nilivyotamka "chombo", kaka mmoja, mtoto wa nahodha, akaruka: chombo si ni jahazi? La maadui halina sitaha, li wazi, basi nalijaza lizame!

Tulicheka hadi jirani akafungua dirisha. Lakini kwa Kiswahili hakukosea. Kitabu ndicho kilichokusudia ndoo au pipa. Nikamruhusu. Kisha tukapiga hesabu: galoni 10 ni kama lita 38, mitungi miwili ya lita 20 haijai. Mabaharia wakayakumba kwa kata, naye zamu yake imekwenda. Tangu siku ile mchezaji akitaja uchawi, kabla ya dadu namuuliza: wataka kitokee nini? Hapo ndipo najua kama tunasoma kitabu kimoja.

Wa Watamu
Maji hayohayo, kwetu mtu alitaka kumjaza adui mapafuni, ati alikuwa anapiga mwayo, kwa hiyo chombo ki wazi. Dada mmoja akauliza: na mchawi wao akitujaza sisi? Yakaishia hapo.

Wa Langoni, Lamu
Wa Mkomani, kadhi naye husoma kitabu, bwana! Wazee wa bao hapa jirani wabishania kutakasia, kanuni moja ya bao, tangu sijazaliwa, na kesho wako palepale.

Haya, la leo usiku. Uchawi wa kimya, futi 20 kila upande: sauti haitoki humo wala haipiti. Kengele i nje ya duara, kamba yake i ndani. Mlinzi aliye ndani akivuta, yalia? Mimi nasema yalia. Mwizi wetu hataki kusikia.