Ua wa kasri la Wawel si mraba: mafundi wa zamani waliunganishaje ukuta mpya na wa kale?

Mwashi wa Njoro
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mwashi, mwaka wa 26 huu nachonga na kujenga mawe hapa Njoro na Nakuru mjini. Kijana wangu yuko masomoni Kraków, kule Poland. Juzi alinitumia picha za kasri la huko liitwalo Wawel, na tangu siku hiyo sijatulia. Anasema mwanzo lilikuwa ngome, halafu wafalme wakaligeuza jumba la mtindo wa Renesansi, ule ujenzi wa Kiitalia wa matao ya mviringo. Katikati kuna ua mkubwa uliozungukwa na baraza, moja juu ya nyingine, tatu.

Nimekuza picha hadi simu ikapata moto. Mambo mawili yamenishinda. La kwanza, ule ua si mraba. Nimeweka rula juu ya picha, kona hazikubali. Mfalme mzima, na mafundi wa kutoka Italia, walikosaje kupiga pembe? La pili, nguzo za baraza ya juu kabisa. Ni ndefu karibu maradufu ya zile za chini, tena nyembamba, na katikati zina kitu kama pete. Juu yake hakuna hata tao, ni paa tu. Mimi nguzo ya namna hiyo ningeiogopa.

Sababu ya kuuliza ni hii. Nimepewa kazi kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za walowezi. Mwenyewe anataka baraza ya matao mbele, lakini ukuta wa zamani umetoka nje ya mstari shubiri nzima. Anasema tuubomoe tuanze upya. Moyo wangu unakataa. Mawe yale yalichongwa kwa mkono, hata alama za patasi unazipapasa kwa kidole.

Menengai77
Fundi, mbona uende mbali? Kasri la Lord Egerton liko hapo Ngata. Kaliangalie vizuri, utapata jibu.

Mwashi wa Njoro
Ndugu yangu, pale nimeingia mara nyingi, na kuta zake nazipenda. Lakini lile lilianzwa 1938 na kumalizwa 1954, vita vikiwa vimelisimamisha katikati, na lote ni la mtu mmoja na wazo moja, kwenye uwanja mtupu. Hakuna mahali fundi alilazimika kuelewana na fundi aliyekufa zamani. Hilo ndilo ninalotafuta.

Nyar Kisumo
Mzee, habari za kazi. Nilikaa Kraków miaka miwili nikisomea uhifadhi wa majengo ya kale, na sasa nafanya kazi Kisumu. Kile kilima nilikipanda karibu kila Jumapili, kwa hiyo swali lako limenifurahisha sana.

Pembe hawakushindwa kuipiga. Wawel ni mwamba wa chokaa kando ya mto Vistula, na watu wamejenga juu yake kwa zaidi ya miaka 1,000. Kuna kanisa dogo la mviringo lililomezwa kabisa na majengo ya baadaye, likaja kugunduliwa 1917. Katika karne ya 14 wafalme walikuwa na ngome ya Kigothiki hapo, yaani ule mtindo wa matao yenye ncha uliotangulia Renesansi. Mwaka 1499 moto ukaiharibu. Ujenzi mpya ukaanza chini ya mfalme Aleksander, na ndugu yake Zygmunt wa Kwanza ndiye aliyeukamata kwa dhati. Alimtumia fundi mkuu Francesco wa Firenze, mji wa Italia, hadi Francesco alipofariki mwaka 1516, kisha fundi Benedykt, kisha Mwitalia mwingine, Bartolomeo Berrecci. Kazi ilifika miaka ya 1530.

Hao wote hawakusafisha kilima. Palipokuwa na ukuta wa kale wenye nguvu, waliuegemea. Ukizunguka nje, kona ya kaskazini mashariki, utaona mnara wa Kigothiki umechomoza, wenyeji wanauita Mguu wa Kuku. Ua umefuata kuta hizo na mwamba wenyewe. Lakini ukisimama katikati yake huoni kupinda, kwa sababu jicho linafuata tao, nguzo, tao, nguzo, kwa mwendo uleule mpaka mwisho. Kona zimepinda, mwendo haukupinda. Nilipoligundua hilo nilikaa kwenye ngazi nikasahau hata chakula cha mchana.

Sasa nguzo. Kwa Waitalia, vyumba vya heshima huwa ghorofa ya kwanza. Wawel viliwekwa ghorofa ya pili, juu kabisa. Dari zake zikawa ndefu, na baraza ikabidi ilingane nazo. Nguzo ikatengenezwa kama mbili zilizopandana, pete ikiwa katikati. Na hofu yako, mzee, ndiyo waliyoijibu kwa kuondoa tao. Wewe unajua tao linasukuma pembeni, na nguzo nyembamba haiwezi msukumo huo. Pale juu inabeba mzigo wa kushuka wima tu. Tazama tena juu ya kichwa cha nguzo: kuna jiwe lenye umbo la mtungi, hilo ndilo linalopokea mbao za paa. Paa nalo limesimama wima sana kwa ajili ya theluji, jambo ambalo Firenze hawalihitaji.

Tazama na miimo ya milango ya Benedykt. Chini na juu yake utakuta mistari ya Kigothiki imefumwa na mapambo ya Kiitalia katika jiwe moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote pale, hata kuliko ile dari maarufu yenye vichwa vya watu vya mbao. Vilikuwa 194, vimebaki 30.

Kwa kazi yako: usiushone ukuta mpya kwenye wa kale. Huo mpya upe msingi wake, uache nafasi kati yake na wa kale, kwa maana msingi mpya utatitia kidogo na utapasua ule uliokwisha kutulia. Na ukwangue kwanza uone mawe yale yaliunganishwa kwa nini. Ikiwa ni chokaa, rudisha chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini, itafungia unyevu ndani na jiwe litaanza kumomonyoka.

Menengai77
Dada, na hilo jumba lilibaki hivyo muda wote?

Nyar Kisumo
Hapana. Wafalme walihamia Warsaw, kisha jeshi la Austria likaligeuza kambi na kuziba matao kwa matofali. Waliondoka 1905. Kuanzia 1921 watu walichanga pesa za kulikarabati, harambee hasa, na waliochangia majina yao yakachongwa kwenye vibao ukutani, kando ya njia ya kupandia. Bado yanasomeka.

Mwashi wa Njoro
Binti yangu, Mungu akubariki. Leo asubuhi nimekwangua. Ni chokaa. Mwenye nyumba nimemwonyesha picha, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza baraza ikisimama mbele bila kuugusa ukuta, ile shubiri itaonekana? Nimemwambia mwendo wa matao ndio utakaoamua. Kijana nimemtuma Jumapili apande tena, anipigie picha pale tao la mwisho linapokutana na kona. Nataka kuona lile jiwe la pembeni walilikata vipi.