Naomba ushauri: nafasi ya pili katika filamu tatu za utangulizi za Star Wars

Wanachama wenzangu, salamu kutoka Kisumu. Vijana wa kikundi chetu cha filamu hapa Kondele wameniomba nizipange kwa ubora filamu tatu za George Lucas zilizotoka mwaka 1999, 2002 na 2005, ili tuzijadili Jumamosi.

Revenge of the Sith naiweka mbele bila kusita, kwani Anakin na mwalimu wake Obi-Wan wanapopigana kando ya mito ya lava kwenye sayari ya Mustafar, mtazamaji huona undugu ukivunjika mbele ya macho yake. Nimekwama kwenye nafasi ya pili. The Phantom Menace ina mbio za vyombo kwenye sayari ya Tatooine na adui Darth Maul mwenye upanga wa mwanga unaowaka pande zote mbili, lakini mambo ya kodi na seneti huchosha. Attack of the Clones inaonyesha jinsi vita vilivyoanza, ingawa maneno ya mapenzi kati ya Anakin na Padmé ni makavu mno. Nimezitazama upya zote mbili na kuwauliza marafiki, nao wakagawanyika.

Je, nipime filamu kwa vipande vyake bora, au kwa mchango wake katika hadithi nzima? Na kwa kipimo hicho, ninyi mngeitanguliza ipi?