Naomba ushauri: dhamira na ujumbe mnavitofautishaje darasani?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, Masasi huku Mtwara. Tumefika hadithi fupi. Wahusika na mandhari havinisumbui. Nikitaja shamba la mikorosho na mnada wa korosho ghafi, picha wanaijenga wenyewe. Hata kisengerenyuma, yaani kusimulia kwa kurudi nyuma, wamekishika, maana bibi zao husimulia hivyo hivyo, wanaanzia msibani ndipo warudi harusini.

Ninapokwama ni dhamira na ujumbe. Niliwatungia kisa: baba anauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, kabla ya msimu, ukifika mwezi wa kwanza mwanawe hana sare. Nikauliza dhamira, nusu ya darasa wakajibu, "Tusiuze kangomba." Nikawaambia huo ni ujumbe; dhamira ni umaskini, au unyonyaji wa walanguzi. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani si kitu kilekile?" Kusema kweli nilibabaika, nikafuta ubao.

Halafu kuna msuko na muundo, navyo vinawachanganya, ila hivyo vinaweza kusubiri.

Wenye uzoefu, mnaanzaje? Nipeni hata mfano mmoja unaoshika. Kipindi ni Jumatano saa mbili asubuhi.