Watazamaji wengi, darasa la waumini wapya tupu: nipeleke namba gani kwa kamati?

FundiKamera, Donholm

Bwana asifiwe wapendwa. Niko kwenye timu ya midia ya kanisa letu hapa Donholm, Nairobi. Tunarekodi ibada, tunakata vipande vya dakika moja, tunavirusha Facebook, YouTube na TikTok. Wiki ijayo kuna kikao cha fedha, na mwenyekiti anataka takwimu ili wazee waamue kama tuendelee kulipia matangazo Facebook. Nikifungua simu naona namba za kila aina: waliofikiwa, waliotazama, waliopenda, wafuasi. Kipande cha mchungaji akizungumzia mikopo ya simu kimepaa kushinda vyote. Ila darasa la waumini wapya, Jumamosi saa nne asubuhi, ni viti vitupu, na mwalimu ananiuliza hao watazamaji wangu wanaishi wapi. Mzee mmoja naye anasema tuache kuhesabu watu kabisa, Daudi alihesabu tauni ikaingia. Nipeleke nini?

Baba2, Kinoo

Peleka ile kubwa kabisa. Wazee wakiona sufuri nyingi watatoa pesa, maelezo utatafuta baadaye 😀

MamaZamu, Umoja

Usimsikilize huyo wa Kinoo. Nilikuwa karani wa mikopo hadi nikastaafu, na sasa nashika simu ya WhatsApp ya kanisa letu, kwa hivyo namba hazinitishi wala hazinileweshi.

Hiyo ya "waliotazama" itilie shaka kwanza. Facebook kwa miaka mingi ilihesabu video kuwa imetazamwa kuanzia sekunde 3. YouTube nayo, tangu 31 Machi 2025, kipande cha Shorts (zile video zake fupi) kinahesabiwa kikianza tu kucheza, na kikirudia kinahesabiwa tena. Namba inaweza kupanda bila mtu mpya hata mmoja. Afadhali ufungue YouTube Studio, pale penye takwimu za chaneli yenu, uangalie ule mstari unaoonyesha watu wanaondokea wapi. Wetu ulikuwa unaporomoka pale mchungaji anaposalimia wageni waalikwa. Tukazikata salamu, yakabaki mahubiri.

Sasa hicho kipande cha mikopo. Umesoma maoni yaliyo chini yake? Keti na kalamu uyasome yote, hata ya matusi. Nadhani utakuta wanaosema wakopeshaji wamewapigia simu mpaka mama mkwe, wengine wakiuliza kama ni dhambi kukopa ili kulipa deni. Hizo ndizo takwimu zako, kijana, kwa sababu zinakuambia watu wamebeba nini. Halafu uwajibu, maana sioni faida ya kujua mtu analia deni kisha umwalike kwenye somo la ubatizo Jumamosi asubuhi akiwa yuko mjengo au anafungua kibanda Gikomba.

Sisi, mwisho wa kila video tunaweka neno la kutuma WhatsApp. Ya mikopo ni DENI, ya ndoa ni NYUMBA. Meseji ikiingia najua imetoka video gani, hakuna programu ya kununua. Naiandika kwenye jedwali: tarehe, neno, ameuliza nini, nani alimjibu na saa ngapi, nani anaendelea naye. Safu ya mwisho ikiwa tupu, hiyo ndiyo kazi ya Jumatatu.

Hiyo safu ya saa ilitufungua macho. Watu wetu huandika baada ya saa tatu usiku, watoto wakilala, na waliopangwa kujibu walikuwa ofisini Jumanne asubuhi! Ukimjibu mtu siku ya tatu, huwa ameshapoa au ameona haya kwamba aliandika. Sasa tuna zamu ya watu wawili mpaka saa tano usiku.

Na si kila mtazamaji ni wa Donholm. Tuna mabinti wanaofanya kazi za nyumbani Saudia, wanasikiliza na spika za masikioni. Huyo hatakuja darasani kwako, na kumjibu kwenye maoni ya wazi kwa jina lake ni kumweka pabaya. Zungumza naye faraghani, kwa kasi yake. Wa Kisumu mtafutie kanisa la Kisumu, usimlazimishe awe namba yako.

Mzee wa Daudi msikilizeni pia. Soma 2 Samweli 24: Yoabu alileta hesabu ya wanaume wa kushika upanga. Mfalme alitaka kujua nguvu zake. Kamati zetu nazo zikitaka namba ya kujisifia kwa kanisa la jirani, mzee ana haki ya kuogopa. Lakini Mithali 27:23 inatuambia tufanye bidii kuijua hali ya makundi yetu, na hali haijulikani kwa kufumba macho.

Karani wa Ngara

Mama amesema. Niongeze la sheria, maana jedwali hilo ni moto. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka imani ya mtu kwenye data nyeti, pamoja na afya na hali ya ndoa. Kwa hivyo msiliache kwenye linki ambayo yeyote akiipata anafungua. Aliyetoka kwenye timu aondolewe siku hiyo hiyo. Ombeni ruhusa kabla ya kumwingiza mtu kwenye grupu. Namba aliyotuma akiomba maombi si namba ya kutumiwa matangazo ya harambee.

Na kuhusu matangazo: Facebook iliondoa Januari 2022 uwezo wa kulenga watu kwa mambo ya dini. Mtalenga kwa mahali, umri na lugha. Msije mkapakia orodha ya washirika ili Facebook iwatafutie watu wanaofanana nao. Hao hawakuwapa namba zao kwa kazi hiyo.

FundiKamera, Donholm

Asanteni sana. Mama, ukilazimika kupeleka namba moja tu?

MamaZamu, Umoja

Kati ya walioandika mwezi uliopita, wangapi leo wana mtu wa kanisa anayewajua kwa jina na kuzungumza nao. Itakuwa ndogo, ipelekeni hivyo hivyo. Na ombeni matangazo yasimame mwezi mmoja, pesa hizo zinunue laini na bando za zamu ya usiku.

FundiKamera, Donholm

Sawa. Na wa zamu wakiwa vijana wa kiume, dada akiandika saa nne usiku?

MamaZamu, Umoja

Anajibiwa na dada. Usiku ni kuandika tu, hakuna kupiga. Kupiga ni mchana, baada ya kumuuliza saa inayomfaa na kama simu ni yake mwenyewe.