Vampaya wa riwaya za vijana na mumiani wetu: wanafunzi waendelee kusoma?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mtwara na, baada ya masomo, ninasimamia klabu ya usomaji ya kidato cha tatu na cha nne. Kwa muda sasa wanaklabu wengi, wasichana zaidi kuliko wavulana, wamezama katika riwaya za vampaya, yaani viumbe wanyonya damu, zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, hasa Twilight ya Mmarekani Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005, pamoja na vitabu vitatu vilivyoifuata hadi 2008. Wale ambao Kiingereza kinawalemea wametazama filamu zake na kuhadithiwa na wenzao yaliyobaki. Baadhi ya wazazi wamekuja kulalamika kwamba tunawalisha watoto wao ushetani, na wanataka vitabu hivyo vipigwe marufuku.

Mimi sioni ushetani ndani yake. Mwandishi ni Mmormoni mwenye kushika dini, na vampaya kijana wa riwaya yake, Edward Cullen, anakataa katakata kulala na mpenzi wake, Bella, kabla ya ndoa. Familia yake hunywa damu ya wanyama wa porini ili isiue watu. Wala sikubaliani na wanaosema kwamba Meyer amemharibu vampaya kwa kumfanya ang'ae juani badala ya kuteketea. Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya mwaka 1897, hutembea mchana, ila nguvu zake hupungua. Kufa kwa mwanga wa jua kulianza na filamu ya Kijerumani iitwayo Nosferatu, ya mwaka 1922, na watu wakakuzoea hata wakadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Kila mwandishi amemgeuza kiumbe huyu apendavyo, na ana haki hiyo.

Kinachonikera ni namna riwaya hizi zinavyofundisha kupenda. Edward huingia usiku chumbani kwa Bella, msichana wa miaka 17, akamtazama amelala, naye Bella hana habari hadi baadaye sana. Katika kitabu cha tatu anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la msichana huyo ili asiweze kwenda kumtembelea rafiki yake Jacob. Bella hukasirika, kisha husamehe, na mwandishi anataka nasi tusamehe kwa sababu kijana alikuwa akimlinda. Ninawafahamu wasichana wanaoamini kwamba mvulana anayedai neno la siri la simu yao, na kuuliza kila saa wako wapi na nani, ndiye anayependa kweli. Sitaki kitabu kinachosomeka vizuri hivi kiwathibitishie imani hiyo.

Kuna na jambo la pili. Watoto wa Mikindani na Tandahimba wanaijua nasaba yote ya akina Cullen, lakini nilipowauliza mumiani ni nani, wengi walikumbuka tu kwamba bibi zao waliwatishia naye ili wasizurure usiku. Imekuwaje mnyonya damu wa kigeni awe wa kuotwa, na wetu abaki wa kutishia watoto? Naomba maoni yenu: niviache vitabu hivi, niviondoe, au kuna namna nyingine ya kuvisoma?

Binti wa Masasi anajibu:

Shikamoo mwalimu. Nilizisoma zote nilipokuwa kidato cha nne, katika nakala iliyozunguka bweni zima hadi jalada likaachia, na bado ninazipenda. Sitetei kuchomolewa kwa kifaa cha gari. Hapo umesema kweli. Ninaomba tu uangalie msichana wa umri ule alikuwa na nini kingine cha kusoma kuhusu moyo wake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni kazi kubwa iliyothubutu hadi ikazuiwa shuleni kwa muda, na kwa ufundi wa uandishi inaipita Twilight kwa mbali. Hata hivyo Rosa, aliyelelewa na baba mkali asiyetaka hata aongee na wavulana, anaishia kufa. Katika riwaya zetu nyingi, na katika hadithi za magazetini ndiyo zaidi, msichana anayependa hulipa: kwa mimba, kwa maradhi, kwa kufukuzwa shule, kwa kaburi. Unaanza ukurasa wa kwanza ukijua kwamba huyu amewekwa awe onyo kwa wengine. Bella anapenda, anakosea, anashikilia uamuzi wake mbele ya watu wote wanaojiona wanajua zaidi, na haadhibiwi kwa hilo. Edward anapomwacha, katika kitabu cha pili, mwandishi anaweka kurasa zenye majina ya miezi peke yake, kuanzia Oktoba hadi Januari, bila neno jingine lolote. Mtu mzima anaweza kuona hiyo ni hila ya kitoto. Mimi niliona kwamba kuna mwandishi aliyeamini kuwa huzuni ya msichana inastahili karatasi.

Halafu, mwalimu, sisi wa huku tuna unyago. Yanayofundishwa humo si ya kuandikwa hapa, lakini kila aliyepitia anajua kwamba mwali huhama kutoka hali moja kwenda nyingine, kwamba kuhama huko kunatisha na kutamanisha kwa pamoja, na kwamba ukishatoka huwezi kurudi tena kuwa yule wa zamani. Hadithi nzima ya Bella ni ya kuhama: anataka kuwa kiumbe kingine, na anajua hakuna kurudi. Nadhani ndiyo sababu wasichana wa Masasi humwelewa upesi, ingawa hawajauona huo mji wa Forks anakoishi Bella, wenye mawingu na mvua mwaka mzima. Tofauti iko hapa: mwali ana somo wake, yule mwanamke anayemfunda, Bella hana. Mama yake anaishi mbali, baba yake ni mkuu wa polisi wa mji na mtu wa maneno machache, na anayemweleza habari za maisha mapya ni yule yule anayemtaka. Ukitaka wanafunzi waione hatari, waulize nani alikuwa somo wa Bella. Mimi sikuulizwa swali kama hilo na mtu yeyote, nami nililihitaji.

Mzee wa Mitwero (Lindi) anajibu:

Binti yangu, marahaba, ingawa salamu ilikuwa ya mwalimu. Mimi nitalishika swali la mumiani, kwa kuwa ndilo ninaloliweza.

Vampaya wa Ulaya hakuanza kuwa kijana mzuri wa sura. Katika karne ya 18, huko Serbia na nchi za jirani, wanavijiji walifukua maiti za majirani zao waliodhani wanarudi usiku kuwanyonya walio hai, hadi Malkia Maria Theresa wa Austria akamtuma daktari wake, Gerard van Swieten, achunguze, na mwaka 1755 akapiga marufuku ufukuaji huo. Waandishi ndio waliomvika suti. Mwaka 1819 John Polidori alimfanya kuwa bwana mkubwa anayealikwa kwenye karamu za matajiri, na kutoka hapo hadi akina Cullen wenye nyumba nzuri na magari ya kasi si mbali. Katika mabadiliko yote hayo jambo moja lilibaki: vampaya anakuchagua. Anakutaka wewe, si mwingine. Edward anasema damu ya Bella inamvuta kuliko ya mtu yeyote, na binti anayesoma husikia humo sifa.

Mumiani hachagui. Katika masimulizi ya wazee wetu, mumiani ni mtu aliye hai, ameajiriwa, ana gari, ana chombo cha kukingia damu, na damu hiyo inapelekwa mahali ikafanywe dawa ya watu wengine. Mwanahistoria Luise White alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu uvumi wa namna hiyo katika Afrika Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni, akaonyesha jinsi wazima moto walivyoshukiwa kuwa ndio wachukuaji. Hana chuki na wewe, wala hana mapenzi, yuko kazini. Kwa watu waliopelekwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakaona nguvu zao zikipakiwa melini na wao wakibaki na mgongo unaouma, sioni kwamba hofu hiyo ilikuwa ya kijinga. Ilikuwa picha ya jambo walilolijua. Kwa hiyo, mwalimu, hakuna msichana atakayemwota mumiani, kwa sababu mumiani hamwoni msichana, anaona damu.

Nina neno la tahadhari kwa atakayetaka kumwandikia riwaya. Hapa Lindi tumeishi na simba wala watu. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Watafiti walieleza sababu: nguruwe pori huingia mashambani, simba huwafuata, na mkulima amelala kwenye dungu akilinda mazao yake. Pamoja na hayo, vijijini yalizungumzwa ya simba wa kutumwa, na vidole vikaelekezwa kwa wazee. Meyer anaweza kumchezea vampaya apendavyo kwa kuwa leo hakuna mtu wa Forks atakayepigwa mawe kwa kushukiwa kuwa vampaya. Mwandishi wa huku anaandika mahali ambapo mchukua sampuli za damu, aliyekuja kupima malaria, anaweza kukimbiwa au kufukuzwa. Simkatazi kuandika. Ninataka ajue uzito alioubeba.

Mzazi wa Newala anajibu:

Mimi ni mmoja wa wazazi wa aina inayolalamika, lakini sina habari na ushetani. Hoja yangu ni umri. Huyo Edward alizaliwa Chicago mwaka 1901, akageuzwa mwaka 1918 alipokuwa akifa kwa homa ya mafua, na anapokutana na Bella ameishi zaidi ya miaka mia moja. Uso ni wa kijana wa miaka 17, lakini akili, fedha na ujuzi ni vya mtu mzima, naye amekaa darasani akimtamani mwanafunzi. Sisi wa ukanda wa korosho tunamfahamu mtu huyo. Minada inapoanza, mwezi wa kumi, na fedha zinapoingia vijijini, wapo wanaume wenye umri wa baba zao wanaowazungukia wanafunzi kwa pikipiki mpya na simu za zawadi, na kila mmoja ana maneno matamu ya kwa nini yeye si kama wengine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi hufungwa miaka 30, na bado wapo. Binti wa Masasi amesema vizuri kuhusu somo, nami ninakubaliana naye, lakini ninauliza kwa nini upole wote wa kitabu umwendee mwanamume wa miaka mia, na mvulana Jacob, ambaye ni rika la Bella na anayeongea naye kama mwenzake, afanywe wa kuonewa huruma tu.

Fundi Sauti wa Nachingwea anajibu:

Niongeze machache kuhusu filamu. Katika miaka ya 2000 Mussa Banzi alikwisha kutengeneza filamu za kutisha za Kiswahili, kama Nsyuka na Shumileta, kwa hiyo viumbe wa kutisha wa kwetu waliwahi kufika kwenye skrini, na vibanda vya video vilijaa. La pili, filamu ya kigeni inayooneshwa kibandani ikiwa na msimulizi wa Kiswahili, kwa mtindo wa akina Lufufu, haifiki ilivyotoka. Msimulizi hatafsiri tu. Humkemea mhusika, humwonya binti aliye kwenye skrini, huwaambia watazamaji huyu bwana msimwamini. Watazamaji nao hujibu. Huyo somo anayetafutwa hapa, kibandani tumemzoea kwa miaka mingi.

Mwalimu wa Shangani:

Nawashukuru wote, na mzee wangu wa Mitwero, shikamoo. Nimeamua vitabu vitabaki. Tutasoma pamoja, kwa sauti, sehemu tatu: usiku wa chumbani, gari lililochomolewa kifaa, na zile kurasa za miezi mitupu, ambazo kusema kweli nilizipita haraka na ambazo sasa ninaziona kwa macho mengine. Tutakaposoma, mwanafunzi mmoja atasimama kama msimulizi wa kibandani, akiruhusiwa kusimamisha hadithi na kusema na Bella moja kwa moja, na wenzake wakiruhusiwa kumpinga. Hoja ya umri nitaitoa kama mjadala: upande mmoja utetee kwamba Edward ni kijana wa miaka 17, upande mwingine kwamba ni mtu mzima, na kila upande utoe ushahidi ndani ya kitabu.

Kuhusu mumiani, nitawatuma wakawasikilize wazee nyumbani na kuandika wanachosimuliwa, bila kutaja jina la mtu yeyote aliyewahi kushukiwa. Mzazi wa Newala, kama safari ya Mtwara itakupata siku ya mjadala, ninakuomba uje ukae nasi, na usichague upande hadi wanafunzi wamalize.